Daftari la Presha ya Baba Mkwe

Daftari bado ninalo. Ni lile la shule, la kurasa thelathini na mbili, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, na ndani yake mume wangu ameandika presha ya baba yake kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Mia moja ishirini na nane kwa themanini na mbili. Siku inayofuata, mia moja ishirini na nane kwa themanini. Halafu themanini na mbili tena. Zaidi ya wiki mbili mfululizo presha ya mzee haikutikisika, na mimi, muuguzi mwenye cheti ukutani, nilikuwa nikilisoma daftari hilo kila jioni nikitoka kazini, nikimshukuru Mungu. Kama ningekuwa na akili timamu ningejua kwamba presha ya mtu aliye hai haitulii namna hiyo.

Baba mkwe wangu alitoka Kisii akiwa kijana, akaja kuchuma chai kwenye mashamba ya kampuni huko Kericho. Alipanda cheo pole pole hadi akawa msimamizi kiwandani, upande wa kuchachua majani. Alikuwa na pua. Angeshika konzi ya majani yaliyosagwa, anuse, aseme bado dakika tano, na zikawa dakika tano kweli. Alipostaafu hakurudi kwao. Alikuwa amenunua kishamba karibu na Sosiot, akapanda chai yake mwenyewe, na mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, akajenga nyumba yetu chini kidogo ya nyumba ya wazazi wake. Nikiwa jikoni kwangu niliuona mlango wao. Kati yetu kulikuwa na mistari sita ya chai na kijia.

Wasio wa kwetu huniuliza chinsoni ni nini, nami huwaambia ni heshima iliyojengewa ukuta. Baba mkwe haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mke wa mwana hampi mkono baba mkwe, haketi kwenye kiti chake, hamwoni bila shati, na wakikutana kwenye kijia mmoja wao anaingia kwenye chai ili mwenzake apite. Hakuna chuki ndani yake. Mzee alinipenda, na nilijua ananipenda, kwa sababu kila asubuhi alipita nje ya dirisha langu la jikoni, akakohoa mara moja, akasema, "Mama watoto, mmeamkaje?" huku akiangalia chai. Nami nilijibu, "Tumeamka salama, Baba," huku nikiangalia sufuria. Tuliishi hivyo miaka tisa bila kukosana hata siku moja.

Mwishoni mwa miaka ya tisini alianza kusimama katikati ya mstari wa chai na kujishika kifua. Alisema ni gesi. Daktari wa kampuni, ambaye bado alimtibu kama mfanyakazi wa zamani, hakukubali habari ya gesi, akamtuma Nairobi. Huko waligundua kwamba mishipa inayoulisha moyo wenyewe imeziba. Walimpasua kifua, wakatoa mshipa mguuni, wakaunganisha njia mpya zinazozunguka pale palipoziba, kisha wakaufunga mfupa wa kifua kwa waya. Hilo la waya lilimfurahisha sana. Aliporudi nyumbani alimwambia kila aliyekuja kumwona kwamba ameshonwa kama uzio wa kuku.

Alirudi na karatasi. Karatasi ilisema apimwe presha kila siku, na kwamba akikosa pumzi, akivimba, au akichoka kupita kawaida, apelekwe hospitali mara moja. Ukoo mzima ulifurahi kwamba katika boma kuna sista, muuguzi wao wenyewe. Kisha mama mkwe akauliza swali ambalo wote tulikuwa tumelikwepa: nani atamshika mzee mkono?

Iliamuliwa kwamba mume wangu atapima, mimi nitasoma. Nilimfundisha jioni mbili kwa mkono wangu mwenyewe, namna ya kufunga kitambaa juu ya kiwiko, kupuliza, kufungua hewa taratibu na kusikiliza mdundo unapoanza na unapopotea. Alielewa haraka. Ni mwalimu wa hesabu, na mwalimu wa hesabu akipewa kazi yenye namba hujisikia yuko nyumbani. Kila asubuhi kabla ya shule alipanda kijia na mashine mkononi, akashuka na daftari.

Kazi ya kumlisha mzee ilikuwa ya kila mtu. Mama mkwe alichemsha mifupa tangu alfajiri, akamtilia chumvi kwa mkono usiopima. Wamama wa kanisani walileta ugali wa wimbi na mboga za kienyeji. Jirani yetu wa juu, Mkipsigis mzaliwa wa Chebunyo, mzee mbishi ambaye harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe haikumtoka hata Krismasi, alileta mursik, yale maziwa yaliyolala kwenye kibuyu cha majivu ya mti. Yeye na baba mkwe walikuwa wamegombania mpaka wa shamba, njia ya maji na punda, na katika miaka ambayo watu wa makabila yetu mawili waliangaliana vibaya, wao waliendelea kukaa kwenye benchi moja wakibishana kama kawaida. Kibuyu kilipokwisha alileta kingine.

Na mzee akanona. Hivyo ndivyo tulivyosema sote. Mashavu yalijaa. Miguu ilijaa hadi viatu vikakataa, mama mkwe akamtafutia ndala, na watu walicheka wakisema Nairobi wamemrudisha na miguu ya mbunge. Kwetu mtu aliyetoka hospitali akiongezeka mwili, mpishi hupongezwa, na mama mkwe alipongezwa sana wiki zile. Mimi nilimwona kwa umbali wa mistari sita ya chai, na kwa umbali huo uvimbe na unono ni kitu kimoja.

Kulikuwa na dalili, na zilinipita zikiniaga. Wiki ya pili mzee aliacha kupita dirishani. Nilisubiri kikohozi chake asubuhi moja, mbili, tatu, hakikuja. Niliuliza, nikaambiwa anapumzika. Nilisikia kwamba ameanza kulala kitini, nikauliza, nikaambiwa kitanda kinamchoma mgongo. Siku moja nilimwambia mume wangu, "Muulize kama anahema."

Alipanda, akashuka.

"Amesemaje?"

"Amesema, nani asiyehema?"

Nilicheka. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba nilicheka. Kisha nikafungua daftari, nikaona mia moja ishirini na nane kwa themanini na mbili, roho yangu ikatulia.

Jumamosi ya wiki ya tatu tulifanya maombi ya shukrani nyumbani kwao baada ya ibada ya Sabato. Viti viliazimwa kanisani. Mzee aliketishwa mbele kwenye kochi, amevaa koti na ile kofia yake ya kijivu aliyopewa kazini alipostaafu, na kwaya ikamwimbia nyimbo tatu. Nilikuwa nyuma ya nyumba kwenye sufuria za wali na wamama wengine wakati jirani yule alipokuja kunitafuta. Kwake mimi si mkwe, kwa hiyo alinijia moja kwa moja hadi kwenye moshi.

"Wewe ni sista ama si sista?" aliniuliza.

"Ni sista, Mzee. Kuna nini?"

"Basi enda uone rafiki yangu. Mimi nimekaa karibu na yeye nikaona shingo. Hiyo mshipa imesimama kama kamba."

Nilimwambia ni joto la koti. Alinitazama kama alivyokuwa akimtazama punda wetu.

"Sikiza, mama. Mimi nilikuwa na ng'ombe moja huko Chebunyo, ilimeza waya. Ikafimba hapa chini ya shingo. Watu wote wakasema imenona, mpaka mtu ya butcher alikuja kuuliza. Lakini mimi najua mshipa ya shingo ya ng'ombe, tangu kijana nimepiga mshale hapo tukitoa damu ya kunywa. Hii ilisimama na haikulala. Tulichinja. Moyo ilikuwa ndani ya maji." Akajigusa kifua. "Na nyinyi mzee yenu ako na waya ndani."

Niliweka mwiko chini. Miaka miwili kabla ya hapo daktari mgeni alikaa katika hospitali yetu ya misheni kwa muda, na yeye ndiye aliyenifundisha kutumia mashine ya skani, ile inayotumia sauti kuangalia mtoto tumboni. Kabla ya kuondoka alinionyesha jambo jingine kwa mgonjwa wa kifua kikuu. Ukikiweka kile kifaa cha mkononi chini ya mfupa wa kifua na kukielekeza bega la kushoto, utauona moyo. Na ukiona mkanda mweusi umeuzunguka, hayo ni maji yaliyojaa kwenye mfuko unaoufunika, na moyo umebanwa, hauwezi kujaa damu. Mgonjwa yule naye alikuwa na mishipa ya shingo iliyosimama. Nilikuwa nimeliandika hilo kwa wino mwekundu, kisha nikalihifadhi kwenye sanduku pamoja na vyeti vyangu.

Nilipanda ngazi za mbele, nikapita katikati ya kwaya, nikasimama mbele ya baba mkwe wangu na kumtazama usoni. Sikuwahi kufanya hivyo. Wimbo ulififia kutoka upande wa soprano hadi upande wa besi. Mshipa ulipanda kutoka kwenye kola ya shati hadi chini ya sikio, mnene, na ulikuwa haulali. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Aliangalia pembeni kwa heshima, nami nikaona jinsi mabega yake yanavyopanda kila anapotafuta hewa. Alikuwa anakufa mbele yetu akiwa amevaa tai, na sisi tulikuwa tunamwimbia.

"Tafuteni gari," nilisema.

Shemasi mmoja alikuwa na pikapu. Mzee aliketi mbele, wima, kwa sababu hakuweza tena kuegemea, na sisi tukapanda nyuma, mimi, mama mkwe na mume wangu aliyeshika daftari. Jirani naye alipanda bila kuombwa. Barabara ilipita kati ya mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa, na njia nzima nilihesabu pumzi za mzee kupitia kioo cha nyuma.

Hospitalini zamu ilikuwa ya daktari wetu mmoja, kijana mpole kutoka mbali. Muuguzi wa zamu alimpima mzee presha akanitajia: themanini na tano kwa sabini. Nilimwambia arudie. Akarudia, ikawa hivyo hivyo. Nilifungua daftari kwenye ukurasa wa asubuhi ile. Mia moja ishirini na nane kwa themanini. Nilimtazama mume wangu, naye akatazama viatu vyake.

"Ulimpima leo?"

"Alikataa."

"Jana?"

"Alikataa tangu siku ya tatu." Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mwanafunzi wake. "Aliniambia, 'Usinisumbue na hiyo pampu. Andika kama ya jana.' Ningefanya nini? Ni baba yangu. Nikaandika kama ya jana."

Kwa kweli nilitaka kumpiga na daftari. Lakini nilikumbuka ni nani aliyelisoma kila jioni akaridhika, nikalifunga. Mzee hakumwambia mwana kwamba anakosa pumzi kwa sababu mwana angeniambia mimi, na ningesema avuliwe shati. Mwana hakuniambia mimi kwa sababu asingeweza kumshtaki baba. Mimi sikupanda kijia. Kila mtu katika boma lile alimheshimu mwenzake, na heshima yetu yote ilikuwa imeandikwa kwenye kurasa zile kwa mwandiko safi.

Daktari alimsikiliza kifua, akabonyeza miguu, akaniita kando. "Sista, naona moyo umechoka. Tumpige sindano ya kumkojoza maji, asubuhi tumtume Nairobi."

"Daktari, naomba tumwangalie kwanza na skani," nilisema. "Kama maji yamezunguka moyo, sindano hiyo itashusha presha zaidi, itammaliza."

Nilijua pia nilichokuwa nikiomba. Mwenzangu mwingine aliyejua mashine alikuwa likizoni, na zaidi yetu wawili hakuna aliyejua kuitumia. Mama mkwe alielewa kabla ya daktari. Alisimama mlangoni mwa chumba cha skani, mikono miwili kwenye fremu.

"Mwanangu, hapana," aliniambia kwa Kikisii, bila hasira. "Ukishamwona hivyo, mtakaaje tena boma moja?"

Daktari alikuwa mtu mwema na hakutaka kugombanisha watu. Alisema yeye atashika kifaa, mimi nikae nyuma ya pazia na skrini igeuzwe upande wangu, nimwelekeze. Ndivyo tulivyofanya. Nilikaa nyuma ya pazia la maua nikiwa nimekodoa macho kwenye skrini, nikisema, "Shuka kidogo. Kushoto. Hapana, kushoto kwake. Inamisha mkono," naye daktari akihangaika upande wa pili, na skrini ikinionyesha ukungu, kisha mbavu, kisha ini, kisha ukungu tena. Nilisikia pumzi za mzee zikizidi kuwa fupi. Nikatambua nilipo. Nilikuwa tena nimekaa mbali nikisubiri mtu aniletee habari za mwili ulio hatua mbili kutoka kwangu. Lile pazia lilikuwa daftari jingine.

Nina hasira za haraka, wote wanaonijua wanajua, lakini sikuwahi kuzitoa mbele ya wakwe. Siku ile zilitoka.

"Tumemheshimu mzee huyu mpaka tumekaribia kumzika!" nilisema. "Mniache nimfanyie kazi yangu, kisha mnifukuze!"

Nilimsikia mama mkwe akivuta pua. Halafu sauti ya mzee ikatoka kitandani, ikikatika kila neno.

"Ondoeni. Hilo pazia."

Daktari alilivuta. Baba mkwe wangu alikuwa ameketi nusu, ameegemezwa mito mitatu, shati limefunguliwa, na kovu limeshuka katikati ya kifua kama mstari wa rula. Hakunitazama. Alinyoosha mkono, akachukua kofia yake ya kijivu iliyokuwa pembeni, akajifunika uso.

"Daktari wa mashine," alisema chini ya kofia, "endelea."

Hakuniita mama watoto. Nilielewa, na nilimpenda kwa hilo kuliko nilivyowahi kumpenda. Nilichukua jeli, nikaifikicha viganjani ipate joto, kama nifanyavyo kwa wajawazito, nikaiweka chini ya mfupa wa kifua, nikaweka kifaa, nikakielekeza bega la kushoto. Mkono wangu ulijua njia. Ini likapita, kisha moyo ukatokea.

Ulikuwa umezungukwa na weusi pande zote. Umewahi kutikisa parachichi lililoiva ukasikia kokwa likicheza ndani? Moyo wa mzee ulikuwa unacheza hivyo, umelegea ndani ya maji, na kila ulipojaribu kufunguka, ukuta wake wa kulia ulisukumwa ndani. Ulikuwa na nguvu. Zile njia mpya za Nairobi zilikuwa zinaulisha vizuri, ulitaka kufanya kazi, haukupewa nafasi tu.

"Daktari, njoo uone," nilisema.

Alikuja, akaona, akaenda kunawa mikono. Alimdunga ganzi, kisha akaingiza sindano ndefu chini ya mfupa wa kifua huku mimi nikishikilia kifaa na kumwambia ilipo. Nilikuwa naiona kwenye skrini, uzi mweupe ukiingia polepole kwenye weusi. "Bado kidogo. Bado. Hapo, simama." Akavuta bomba la sindano, nalo likajaa. Akalimwaga kwenye bakuli, akavuta tena.

Tulipovuta la nne nilisikia sauti chini ya kofia.

"Rangi yake?"

Sikuamini. Nilitazama bakuli. "Kahawia iliyoingia nyekundu, Baba. Kama chai ya rangi iliyosahauliwa kwenye birika."

Mzee alitafakari kama mtu wa kiwanda. "Hiyo imechacha kupita kiasi," alisema. "Mwaga."

Daktari alicheka hadi nikamwambia atulize mkono. Kwenye skrini ule mkanda mweusi ulikuwa umepungua ukawa mwembamba, na moyo ukafunguka. Ulifunguka wote, ukajaa, ukafunga, ukafunguka tena. Nimeona watoto wengi tumboni kwa mashine ile, wakinyonya vidole, wakipiga teke, lakini sijawahi kuona kitu kizuri kama hicho. Mshipa wa shingo ulilala mbele ya macho yangu. Muuguzi alipima presha akasema mia moja na kumi, na baba mkwe wangu akavuta hewa ndefu iliyoinua kofia na kuishusha. Nililia. Sikujificha, nililia pale pale nikiwa nimeshika kifaa, machozi yakidondoka kwenye jeli, na daktari akajifanya anatafuta kalamu.

Nilipotoka nje, jirani alikuwa kwenye benchi ya wajawazito, katikati ya wamama wawili waliokuja kujifungua, hana habari na mtu.

"Maji?" aliuliza.

"Maji, Mzee."

"Nilisema," alijibu, akageuka kuwaeleza wale wamama habari za ng'ombe wake tangu mwanzo.

Asubuhi gari la hospitali lilimpeleka Nairobi. Walimtoa maji yaliyobaki, wakamwekea mrija siku chache, wakambadilishia dawa. Walieleza kwamba ule mfuko wa moyo wakati mwingine hukasirika baada ya upasuaji na kutoa maji taratibu, wiki mbili au tatu mtu akiwa tayari nyumbani, ndiyo maana wanaandika zile karatasi. Waya haukuwa na kosa lolote. Jirani hakulikubali hilo hadi kufa kwake. Waya ni waya, alisema.

Mzee aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipanda mistari mingine ya chai, aliwaona wajukuu wakivaa sare za sekondari, aligombania punda mwingine. Kila alipokuja kwa skani ya kuangaliwa, alikaa kwenye benchi pamoja na wajawazito, kadi mkononi, akasubiri zamu yake, akaingia, akajifunika kofia, akasema, "Daktari wa mashine, habari ya kazi?" Tukitoka hapo, kwenye kijia cha nyumbani mmoja wetu aliingia kwenye chai ili mwenzake apite. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, na kwa ajili ya daktari yule mgeni aliyenifundisha zaidi ya nilichoombwa kujua, na kwa ng'ombe mmoja wa Chebunyo ambaye sikuwahi kumwona.

Lakini siku aliyorudi kutoka Nairobi mara ya pili niliogopa. Watu walimpokea, mama mkwe akapika bila chumvi, mume wangu akaulizia kwa sauti ya chini kama kazi ya kupima bado ni yake, akaambiwa ale kwanza. Mama mkwe hakuwa ameniambia neno lolote kuhusu siku ya pazia. Jioni ile alishuka na bakuli la unga wa wimbi aliousaga mwenyewe, akauweka mezani kwangu, akakaa kidogo, akarudi. Sikujua kama ni shukrani au ni kuagana. Nililala nikiwaza maneno niliyopiga kelele hospitalini, mniache kisha mnifukuze, na kwamba wanaweza kweli kunifukuza bila kunitoa nyumbani, kwa kutokohoa tu dirishani.

Asubuhi niliwasha jiko, nikabandika chai. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mstari wa tatu. Nikasikia ndala zikija kwenye kijia, polepole, zikisimama, zikija tena. Kisha kikohozi kimoja.

"Mama watoto, mmeamkaje?"

"Tumeamka salama, Baba," nilijibu, nikiangalia sufuria.

Kwa kawaida hapo angepita. Sikusikia ndala. Niliinua macho, na dirishani, katikati ya vyuma viwili, mkono wa baba mkwe wangu ulikuwa umeingia jikoni. Alikuwa amekunja mkono wa shati hadi juu ya kiwiko. Mwili ulibaki nje kama inavyotakiwa, na uso ulikuwa umegeukia chai.

"Pima," alisema.

Nilikimbia kuchukua mashine. Nilifunga kitambaa kwenye mkono ule, wenye mikunjo na madoa meusi ya utomvu wa chai yasiyotoka kwa sabuni yoyote, nikapuliza, nikafungua hewa, nikasikiliza. Nikapima mara ya pili kuhakikisha.

"Ngapi?"

"Mia moja kumi na nane kwa sabini na sita, Baba."

Alivuta mkono wake nje, akashusha mkono wa shati, akafunga kifungo taratibu, macho yake bado kwenye chai.

"Daftari lipo?"

"Lipo, Baba."

"Andika ya leo."